Triga Iliyokataa

Baba yangu ana bunduki ya kuwindia katika nchi ambayo uwindaji ulipigwa marufuku kabla sijazaliwa. Jambo hilo halijawahi kumsumbua. Bunduki hukaa kwenye sefu ya chuma iliyofungiwa ukutani katika chumba chake cha kusomea kule Lavington, pamoja na hati za shamba na chupa ya brandi ambayo Mama, mzee wa kanisa, anajifanya haijui. Kila mwezi huitoa, huipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, huchungulia ndani ya mtutu kama daktari wa masikio, kisha huirudisha na kufunga. Swala wote wa Nairobi wanaweza kulala usingizi mnono.

Aliinunua akiwa kijana, karani mpya serikalini, kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Aliwinda nayo mara moja tu, kwa leseni halali, kule kwetu Ukambani, akaangusha swala mmoja. Swala huyo nimemjua maisha yangu yote. Nilipokuwa mdogo alikuwa swala wa kawaida. Nilipofika sekondari alikuwa ameshakuwa kuro, mkubwa kama punda. Kwenye sherehe ya Baba kustaafu, mbele ya wakuu wa idara, alisimama akiwa nyati, tena nyati aliyejeruhiwa na mwenye hasira. Nilikuwa nikingoja siku atakayokuwa ndovu, ila nadhani Mama alimwonya.

Baada ya marufuku, Baba alijiunga na klabu ya kulenga shabaha. Huko wanaume wa umri wake huvaa kaki na kofia pana, huua karatasi, kisha huketi kivulini kula nyama iliyonunuliwa buchani. Nimekuwa nikimpeleka huko tangu alipoacha kuendesha gari. Mimi ni kitinda mimba, nafanya kazi katika ofisi ya bima Kilimani, nina gari na sina mume, na kwa hesabu ya familia yetu mtu wa aina hiyo hana shughuli. Isitoshe nimepewa jina la nyanya yangu, mamake Baba. Kwetu Wakamba binti wa namna hiyo babake humwita "Mwaitu", yaani mama. Nimekuwa mama wa mwanamume huyu tangu siku niliyozaliwa, cheo kikubwa kisicho na mshahara.

Mwaka huu klabu iliweka sharti jipya. Wanachama wazee walitakiwa kupiga risasi chache mbele ya mwalimu wa shabaha, waonyeshe kwamba bado wanaimudu silaha, ndipo wapewe barua ya kwenda kuhuishia leseni. Asiyeweza hapewi barua. Asiye na barua hana leseni, na asiye na leseni anaisalimisha bunduki. Baba alilisoma tangazo hilo kwa sauti mezani, akacheka, akasema afadhali wameamua kuwaondoa wazee wasiojiweza. Alikuwa na miaka themanini na kitu.

Basi tukaenda Jumamosi moja asubuhi. Mwalimu wa shabaha alikuwa polisi mstaafu, mtu mpole mwenye kitambi, aliyemwita Baba "mzee wangu" kila baada ya maneno matatu. Baba akaketi kwenye benchi, akaegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akalenga. Nikaziba masikio. Nikangoja. Nikazibua kidogo kusikia kama nimeshapitwa na mlio, nikaziba tena. Bega la Baba lilikuwa likitetemeka, na shingo yake ilikuwa imetoa mishipa.

"Mzee wangu, ukiwa tayari," mwalimu akasema.

"Niko tayari tangu zamani," Baba akajibu. "Triga imekataa."

Kuna neno la Kiswahili sanifu la kitu hicho, kifyatulio, lakini sijawahi kumsikia mwenye bunduki akilitumia. Mwalimu akaipokea bunduki, akaielekeza kwenye kichuguu cha mchanga, na kwa kidole kimoja, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango, akafyatua. Karatasi ikatoboka. Tukaitazama karatasi sote watatu. Kisha mwalimu akageuka na uso mzito wa mtaalamu.

"Ni kweli, mzee wangu. Iko ngumu kidogo. Peleka kwa fundi, urudi mwezi ujao tumalize hii maneno."

Nilitaka kumkumbatia, nilitaka pia kumzaba kofi.

Inafaa nieleze jambo hili la kukataa, maana ndilo lililotuponza. Kiswahili chetu cha Nairobi kina huruma nyingi. Hapa kwetu hakuna kitu kinachoharibika wala mtu anayeshindwa. Gari limekataa. Simu imekataa. Mtandao wa benki umekataa, unga umekataa kushikana, jiko limekataa kuwaka. Mtoto akianguka mtihani, ni hesabu zilizokataa. Ukisikiliza vizuri utadhani kila kitu katika jiji hili kina hiari na kiburi chake, isipokuwa sisi wenyewe, tunaosimama pembeni na mikono mitupu, tumeonewa.

Na nyumbani kwa Baba, vitu vilikuwa vimekataa kwa mfululizo wa kutisha. Ilianza gia ya gari, ndipo akaacha kuendesha. Ikafuata kufuli ya lango, ikabadilishwa, akaachiwa askari wa mlangoni kazi ya kuifungua ile mpya. Ikaja zamu ya bomba la bafuni, likawekwa lile la kusukuma kwa kiganja. Kalamu zikakataa, tukanunua nene. Rimoti ikakataa. Viatu vya kamba vikakataa, akaanza kuvaa vya kuchomeka mguu, yeye aliyetufundisha kwamba viatu vya namna hiyo ni vya wanasiasa. Mashati ya vifungo yakakataa, akahamia fulana za kola, na shemeji zangu wakamsifu kwamba mzee siku hizi anavaa kama kijana. Nyumba ilijaa vitu vipya, vitiifu. Kila mmoja wetu alichangia kitu na kujipongeza. Mimi nilileta kopo la dawa ya meno la kubonyeza juu, nikapigiwa makofi.

Nisijifanye mjinga kuliko nilivyo. Kazini kwangu napitia madai ya matibabu kutwa nzima. Najua mkono wa mzee unapoanza kukosa nguvu unaweza kuwa unasema nini: mshipa wa kichwani, au neva ya shingoni iliyobanwa. Najua pia kwamba wanaowahi daktari mara nyingi huupata mkono wao, na wanaochelewa huishia kujifunza kula kwa mkono wa kushoto. Madai ya watu nisiowajua nayasoma kwa makini sana. Ya Baba niliyasoma kama tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya stima, nikapita.

Fundi wa bunduki alikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya tatu ya jengo moja la zamani, juu ya duka la mazulia. Niliegesha gari mbali, tukatembea, Baba mbele na mimi nyuma nimebeba bunduki kwenye begi lake refu. Mlangoni bawabu alikuwa na kile kifimbo cha kupimia chuma. Alikipitisha kwenye mkoba wangu, kikalia, akaniamuru nitoe kila kitu. Akakagua kitana, akakagua funguo, akaitazama kwa shaka chupa yangu ya maji. Kisha akaliona begi.

"Na hiyo ni gitaa?"

"Ni bunduki," Baba akamwambia.

Bawabu akacheka mpaka akashika kiuno. "Aki wewe mzee. Haya, piteni." Na akanirudishia ile chupa ya maji baada ya kunitaka ninywe kwanza aone.

Lifti, bila shaka, ilikuwa imekataa. Tukapanda ngazi.

Nilitarajia mtu mwenye mikono ya grisi. Tulimkuta bwana mmoja wa suti ya kijivu, tai, aproni safi ya ngozi juu yake, na kucha zinazong'aa kuliko zangu. Ukutani alikuwa ametundika pembe za mnyama ambaye bila shaka alifia nchi nyingine kwa vibali vyote. Alimwamkia Baba kwa mikono miwili, na Baba akaipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni mwa koti. Niliuona ukiwa mfukoni. Ulikuwa umeishi humo miezi mingi.

"Karibu sana mzee wangu. Leo tunasaidia aje?"

"Triga imekataa," Baba akasema. "Nataka ipunguzwe uzito."

"Ah, hizi za zamani zinakuanga hivyo. Zinashika kiburi."

Akaifungua bolti, lile komeo la nyuma ya mtutu, akahakikisha chemba ya risasi ni tupu, akamwonyesha Baba, Baba naye akahakikisha, maana katika hilo mzee wangu hana mchezo. Kisha akatoa mizani. Ilikuwa ndogo, ya kuvuta, yenye ndoano mbele na sindano inayopanda kwenye mstari, ndugu mdogo wa ile ya kupimia samaki. Akaitia ndoano kwenye triga, akavuta taratibu. Bunduki ikafanya "ta". Akaangalia sindano ilipofika. Akarudia. Akaangalia tena, na safari hii akatazama pembeni, kwangu, halafu haraka akatazama pembe zake ukutani.

"Iko namna gani?" Baba akauliza.

"Iko... iko na maneno," fundi akasema. "Wacha niicheki na ndani."

Baba akaomba kuonyeshwa msalani. Mlango wa msala ulipofungwa tu, yule bwana akaniinamia juu ya kaunta.

"Madam, nikuambie ukweli? Hii triga haina shida. Ni laini hata kuliko za wengine. Kuna mtu alishaipunguza zamani. Nikipunguza zaidi ya hapa, siku mtu ataweka bunduki chini vibaya na itajipiga yenyewe."

"Basi mwambie hivyo."

"Nani, mimi?" Akarudi nyuma hatua moja. "Mzee kama huyo? Atanionaje? Wewe ndiye mtoto wake."

"Wewe ndiye fundi."

"Fundi wa bunduki, madam."

Nikakiri kimoyomoyo kwamba hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Baba aliporudi alimkuta fundi amefungua katalogi. Huko nje, fundi akaeleza, wanatengeneza triga mpya za kisasa, unaziweka mahali pa ile ya zamani, nyororo kama siagi, na usalama wake ni wa uhakika hata bunduki ikigongwa. Kuiagiza si shida. Baba akaitazama ile picha kama mtu anayetazama picha ya mchumba.

"Hii ndiyo dawa," akasema.

"Hiyo ndiyo dawa, mzee wangu," fundi akaitikia, na hakuniangalia tena mpaka tulipomwachia bunduki tukaondoka.

Ndani ya gari nilijiambia kwamba nitasema tukifika mataa ya kwanza. Mataa ya kwanza yakawa kijani, kitu ambacho hakijawahi kutokea mimi nikiwa na haraka. Nikajiambia mataa ya pili. Foleni ikatushika, tukakaa pale muda wa kutosha kumsomea mtu wosia mzima.

"Baba, nilikuwa nafikiri, labda..."

"Labda nini, Mwaitu?"

Alikuwa ameketi wima, koti limefungwa zipu mpaka shingoni, anatazama mbele. Alionekana ana furaha. Alikuwa ameshakwenda kwa fundi na fundi ameona tatizo.

"Labda tupitie Kilimani. Huku kumefungana."

"Wewe ndiye dereva," akasema kwa upole.

Nilifika Lavington nikiwa na hasira ya kupasua sahani. Mama alikuwa jikoni anakoroga sufuria ya muthokoi. Tulikuwa tumekula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe yake, kila Jumamosi, kila Jumapili na kila sikukuu tangu mwaka uanze. Nilidhani ni mapenzi ya kwao yaliyowarudia uzeeni. Nilikuwa hata nimewaambia marafiki zangu kazini, kwa sauti ya mtu anayeheshimu utamaduni.

"Mama, triga ni nzima," nikasema. "Ni mkono wake."

Mama hakuacha kukoroga. Alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi, na mpaka leo akinyamaza mtu hujikuta amesimama wima.

"Unafikiri kwa nini hatupiki chapati katika nyumba hii?" akauliza.

Nikafikiri. Chapati hukatwa kwa mikono miwili. Nyama hukatwa kwa kisu. Ugali humegwa, hufinyangwa. Muthokoi ni wa kijiko, na kijiko hata mkono wa kushoto unajua.

"Unajua tangu lini?"

"Mimi ndiye ninayemvalisha, unadhani najua tangu lini? Nilimwambia twende hospitali. Akaniambia macho yangu ndiyo yamekataa, ninaona vitu visivyokuwepo." Akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Kaka zako nao niliwaambia. Mmoja akatuma rimoti, mwingine akatuma viatu."

"Na mimi nikaleta dawa ya meno."

"Ni nzuri sana," Mama akasema. "Haimwagiki."

Nikamwomba azungumze naye tena. Akakataa, na katika hadithi hii yote Mama alikuwa wa kwanza kukataa kwa maana halisi ya neno. Alisema mke akimwambia mume wa umri ule kwamba mkono umekufa, atakuwa amemwambia kitu kingine kabisa, na hawatakuwa na la kuzungumza tena mpaka kaburini. Mwana wa kiume hawezi, kwa sababu itaonekana anautaka urithi. Mkwe ndiyo kabisa.

"Lakini wewe ni mama yake," akasema. "Mama humwambia mtoto chochote."

Hivyo ndivyo jina nililopewa kama heshima lilivyogeuka wito wa mahakamani. Nikamuuliza kama nyanya yangu, marehemu, mwenye jina lake, angeweza kukabidhiwa kazi hii badala yangu. Mama akaniambia nipakue chakula.

Niliahirisha wiki nzima, halafu nyingine. Nilikuwa na sababu nzuri: ofisini ni mwisho wa mwezi, Baba ana mafua, leo ni Jumapili. Ukweli ni kwamba niliogopa, na kila siku niliyoogopa ilikuwa siku yake, si yangu. Nililijua hilo barabara, maana ni mimi mwenye kuandikia watu barua za kusikitika kwamba walichelewa. Ndipo fundi akapiga simu kusema triga imefika, imeshawekwa, mzee aje aijaribu.

Siku hiyo Baba alivaa kaki yake yote, pamoja na kofia. Mama alimfunga mkanda chumbani, na wakatoka wote wawili kama watu waliokuwa wakizungumza habari za kanisa. Bawabu akatukumbuka. "Mzee wa gitaa," akasema, akanipekua mimi.

Fundi alikuwa ameilaza bunduki kwenye kitambaa cha kijani. Nakiri ilikuwa nzuri. Mbao ya kitako ilikuwa imechakaa mahali pale pale ambapo shavu la Baba limeegemea kwa zaidi ya miaka hamsini, na chini yake triga mpya iling'aa kama jino la bandia. Fundi akaonyesha chemba tupu, akatia risasi ya mazoezi isiyo na baruti, akampa.

"Jaribu mzee wangu. Utasikia tofauti."

Baba akautoa mkono mfukoni. Aliuinua kwa kuusaidia na wa kushoto, akaupanga kwenye bunduki kidole kwa kidole, kama anayempangia mtoto mkono kwenye penseli. Akaielekeza bunduki kwenye sanduku la mchanga lililokuwa pembeni kwa kazi hiyo. Akalenga. Nikaiona ile mishipa ya shingo tena. Chini tukasikia mtu akibishana bei ya zulia.

Hakuna kilicholia.

"Hizi mpya, springi inakuwa bado haijazoea," fundi akasema haraka. "Ukiitumia tumia hivi inalegea."

Baba akaishusha bunduki. Alikuwa akiitazama mizani, ambayo ilikuwa imening'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta.

"Nipe ile."

"Mzee wangu, hiyo ni ya..."

"Nipe."

Fundi akampa. Baba akaishika mizani kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha shahada cha kulia kwenye ndoano, akavuta. Alivuta kwa dhati. Midomo ilimkunjika, kofia ikamshuka usoni. Sindano ikasogea kidogo sana, ikasimama, ikarudi chini.

"Hata hii mizani siku hizi imekataa, mzee," fundi akasema. Masikini, alikuwa akitokwa jasho ndani ya suti yake. "Hii tutaitupa tu."

"Mizani haikatai," Baba akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesahihisha hesabu ya karani. Kisha akanigeukia, akaninyooshea ile ndoano. "Jaribu wewe."

Sikutaka. Nilivuta kidogo, kwa hila, nikitaka sindano isipande. Sindano ikapita alama yake mara mbili na kidogo. Nikaachia, ikagonga chini.

"Basi bunduki ni nzima," Baba akasema.

Akamuuliza fundi kama anapokea bunduki za kuuza kwa niaba ya wenyewe, na fundi akasema anapokea, tena kwa sauti ya mtu aliyeokolewa. Akamuuliza kama huwa anauliza mnunuzi ataitunza namna gani. Fundi akasema huwa anauliza. Baba akamwambia aulize vizuri. Akaipitishia kiganja mbao ile mara moja, mahali pa shavu, akalivuta koti lake sawasawa, akatangulia kutoka. Hakusema habari za swala wala za nyati. Ningempa kila nilicho nacho aseme kwamba alikuwa ndovu.

Nilimkuta kwenye kigeuko cha ngazi, amesimama. Nilidhani anapumzika. Watu wawili waliobeba zulia la kukunja wakatupita wakishuka, wakatuomba radhi. Walipokwisha kupita, Baba akautoa mkono wa kulia mfukoni, akaushika mkono wangu. Sikumbuki mara ya mwisho alipokuwa amenishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha vuguvugu na chepesi mno.

"Ninabana, Mwaitu," akasema. "Kwa nguvu zangu zote. Unahisi?"

Majibu yalinijaa mdomoni, yote mazuri, yote ya adabu. Ningesema mikono yangu ina baridi. Ningesema pete inanizuia. Alikuwa akinitazama chini ya ukingo wa kofia ile ya kuwindia, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeuliza kwa sababu anataka kujua.

"Hapana, Baba," nikasema. "Sihisi."

Akaendelea kunishika kidogo, kana kwamba ananipa nafasi ya kubadilisha jibu. Sikulibadilisha. Nilikuwa ninalia, na sikujifuta, kwa sababu mkono mmoja alikuwa nao yeye na wa pili nilikuwa nimeshikia ukuta.

"Ninyi wote mnajua," akasema.

"Wote."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akashuka kidato kimoja bila kuniachia.

"Basi nipeleke hospitali, mama."